Nyumba zetu ziandikwe kabla hatujaulizwa

Katika ploti za kupanga za Ruring'u, Skuta na King'ong'o mjini Nyeri, na pia Karatina, Kerugoya, Embu na Nanyuki, kuna nyumba nyingi ambamo mwanamume na mwanamke wanaishi kinyumba bila cheti cha ndoa. Hawakufanya harusi, wazazi wao hawajaketi kuzungumzia ruracio, yaani mahari, na kila mwaka unaopita hulifanya jambo hilo lionekane halina haraka. Majirani humwita mwanamke kwa jina la mtoto wake wa kwanza, mwenye ploti humdai kodi yeyote anayemkuta mlangoni, na mtaa mzima huwahesabu kuwa mume na mke. Maisha haya ya njoo-tuishi huendelea bila maswali mpaka mmoja wao apate nafasi ya kwenda ng'ambo, au afariki. Hapo ndipo afisa au jaji anapouliza: mlianza kuishi pamoja lini, wapi, na nani anaweza kuthibitisha? Hoja yangu ni kwamba swali la afisa wa uhamiaji wa Kanada na swali la jaji wa Mahakama Kuu mjini Nyeri ni swali moja, na wanaoumizwa zaidi na ukosefu wa jibu ni wanawake ambao hawatapanda ndege kamwe. Kuziandika nyumba zetu ni wajibu wa kila wenzi wanaoishi pamoja, na kuurahisisha wajibu huo ni kazi ya serikali.

Tuanze na Kanada, kwa kuwa ni miongoni mwa nchi zinazotaja muda waziwazi. Kanuni zake za uhamiaji zinamtambua mwenzi asiye wa ndoa iwapo wawili hao wameishi pamoja katika uhusiano wa kinyumba kwa angalau mwaka mmoja. Maafisa huuhesabu mwaka huo kuwa miezi 12 mfululizo. Wiki tatu za Desemba na mbili za Agosti, hata zikirudiwa kwa miaka mitano, hazijumlishwi zikawa mwaka. Safari fupi ya kikazi au ya kumuuguza mzazi haiukatizi, mradi nia ya kurudi nyumbani iwe wazi. Hata hivyo, kulala chini ya paa moja pekee hakutoshi. Mwaka 1999, katika kesi ya M. dhidi ya H., Mahakama ya Juu ya Kanada ilikubali vigezo ambavyo vimekuwa dira kwa maafisa: makao, uhusiano wa kimwili na wa kihisia, ugawaji wa kazi za nyumbani, maisha ya kijamii, fedha, watoto, na jinsi jamii inavyowatazama wawili hao. Kutokana na vigezo hivyo hutoka orodha ya vielelezo: mkataba wa nyumba wenye majina mawili, akaunti ya benki ya pamoja, bili za maji na umeme zinazofika anwani moja, vitambulisho vyenye anwani hiyo, na barua za watu wanaowafahamu. Australia nayo huomba miezi 12 kabla ya ombi, isipokuwa katika hali maalumu. Uingereza ilikuwa ikidai miaka miwili ya kuishi pamoja. Tangu Januari 31, 2024 inatazama uhusiano wa miaka miwili unaofanana na ndoa, lakini bado inadai uthibitisho.

Sasa iweke orodha hiyo kando ya maisha ya Nyeri. Katika ploti nyingi nyumba hukodishwa kwa mdomo: mpangaji hulipa amana na kodi ya mwezi wa kwanza, hupewa ufunguo, na mambo huishia hapo. Mita ya stima mara nyingi imesajiliwa kwa jina la mwenye ploti, na mpangaji hununua tokeni kwa simu bila bili yoyote kufika mlangoni. Maji husomwa kwa mita ya ploti nzima na gharama yake huingizwa katika kodi. Nyumba nyingi hazina namba, na barua zikija huja kwa sanduku la posta la shule, kanisa au mwajiri. Kitambulisho ambacho wengi wetu tumekibeba kwa miaka mingi kinaandika wilaya, tarafa na lokesheni ya asili yetu. Kwa hiyo mwanamke wa Mukurwe-ini aliyeishi na mwanamume wa Othaya katika nyumba moja Kamakwa kwa miaka minne atatoa kitambulisho kinachoonyesha kwamba kila mmoja ana kwao. Akaunti ya pamoja ni nadra, kwani fedha za nyumba hupita kwenye M-Pesa, huyu akilipa kodi na yule akinunua chakula na kulipa karo. Wenzi hawa hawakuficha lolote. Waliishi katika utaratibu ambao hauachi karatasi, kisha wakaulizwa maswali na nchi ambayo kila jambo lake huacha karatasi.

Pengo hilo huzaa majaribu. Yupo atakayejitolea kuandika mkataba wa nyumba wenye tarehe ya miaka miwili iliyopita, na yupo atakayetafuta barua ya chifu inayosema mambo ambayo chifu hakuyaona. Wenzi ambao wangeweza kusema ukweli wao na kuaminiwa huishia kuutia doa. Sheria ya Kanada haina huruma hapo: anayepatikana ametoa taarifa za uongo au kuficha jambo la maana hufungiwa mlango kwa miaka mitano, adhabu iliyoongezwa kutoka miaka miwili mwaka 2014. Tena uongo hauhitaji kuwa wa karatasi ya kughushi. Muuguzi kijana anayeishi na mwenzake kwa miaka mitatu, kisha akajaza katika ombi lake la ukaazi kwamba hana mwenzi kwa sababu tu hajafanya harusi, tayari amejenga ukuta. Machoni mwa Kanada uhusiano ule ulianza kutambulika mwaka ulipotimia, bila kasisi wala wazee. Akifika Calgary au Edmonton na kupata ukaazi wa kudumu bila kumtaja mwenzake, kanuni zinaweza kumzuia asimdhamini mtu huyohuyo baadaye kama mwanafamilia. Wapo watakaoligundua hili wakiwa wamekwisha kuchelewa, na aliyebaki nyumbani na watoto ndiye atakayebeba gharama.

Wengine, wakishaona kwamba njia ya kuishi kinyumba imewashinda, hukimbilia ndoa ya haraka. Ndoa halali kweli hufungua mlango kwa urahisi zaidi, kwa sababu Kanada haiwadai mume na mke miezi 12 ya kuishi pamoja. Huwadai uhalali wa ndoa na ukweli wa uhusiano. Lakini hapa pia kuna mtego unaozihusu moja kwa moja familia za Mlima Kenya. Ni jambo la kawaida wazee kukutana, mbuzi akachinjwa na sherehe ikafanyika huku bwana harusi akiwa ng'ambo, akiwakilishwa na kaka yake au akitazama kwa simu. Kijijini ndoa hiyo inaweza kuhesabiwa. Kwa uhamiaji wa Kanada, tangu Juni 11, 2015, ndoa ambayo mmoja wa wahusika hakuwapo mwenyewe haitambuliwi. Familia iliyotumia akiba yake yote kwa sherehe ya namna hiyo hujikuta haijasogea hata hatua moja. Iko pia njia ya wenzi waliotenganishwa na vikwazo vizito, lakini iliwekwa kwa ajili ya watu wasioweza kuoana wala kuishi pamoja. Mwanamume na mwanamke wa Nyeri wasio na ndoa nyingine, ambao wangeweza kwenda kwa msajili wakaoana, ni vigumu sana kwao kueleza kikwazo chao.

Mpaka hapa mtu anaweza kusema kwamba haya ni matatizo ya wachache wenye paspoti. Sikubaliani naye, na ushahidi uko katika mahakama zetu wenyewe. Mwaka 1976 Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki iliamua kesi ya Hortensiah Wanjiku Yawe, aliyekuwa ameishi Nairobi na rubani Mganda kwa miaka tisa na kuzaa naye watoto wanne, mpaka mwanamume huyo alipofariki mwaka 1972. Mahakama ilikubali kwamba kuishi pamoja kwa muda mrefu kama mume na mke, na kutambulikana hivyo na watu, kunaweza kuifanya sheria iichukulie kuwa ndoa ipo. Kwa miaka mingi dhana hiyo ya ndoa imekuwa ngao ya wajane wasio na cheti. Lakini Januari 27, 2023, katika kesi ya MNK dhidi ya POM, Mahakama ya Juu ya Kenya iliipunguza ngao hiyo. Ilisema dhana ya ndoa ni jambo la nadra, lisichukuliwe kuwa kawaida. Anayedai lazima aonyeshe kwamba wawili hao waliishi pamoja kwa muda mrefu, walikuwa na haki na uwezo wa kuoana, walikusudia kuoana, walikubaliana kwa hiari, na walijionyesha kwa watu kuwa mume na mke. Mzigo wa kuthibitisha ni wa anayedai. Katika kesi hiyo mahakama haikuona ndoa, na mali iliyogombaniwa ikagawanywa kwa asilimia 70 na 30 kwa kupima mchango wa kila upande.

Viweke vigezo vya Nairobi kando ya vile vya Ottawa na uvisome pamoja. Muda wa kuishi pamoja na macho ya jamii: orodha hizi mbili ni ndugu. Tofauti ni kwamba Kanada imetaja mwaka mmoja, ilhali mahakama yetu imesema muda mrefu bila kuhesabu. Mwanamke aliyeishi kinyumba miaka miwili anaweza kujua anasimama wapi mbele ya afisa wa Kanada, asijue kabisa anasimama wapi mbele ya jaji wa nchi yake. Bunge lilipopitisha Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 liliandika maana ya kuishi kinyumba, yaani wawili wasiooana kuishi pamoja kwa muda mrefu katika hali inayofanana na ndoa, kisha likanyamaza. Halikusema wenzi hao wana haki gani wala wanadaiana nini. Mahakama ya Juu iliuona ukimya huo, na katika hukumu ileile ikasema inafaa itungwe sheria ya kuwahusu wanaoishi hivyo kwa muda mrefu, haki zao na wajibu wao. Raia wa kawaida anangoja, na kungoja kwake kuna gharama.

Gharama hiyo inaonekana vizuri zaidi mashambani kuliko uwanja wa ndege. Katika vijiji vya chai vya Othaya na Tetu, au vya kahawa vya Mathira, ardhi bado inaweza kuwa kwa jina la babu aliyekufa zamani, namba ya mkulima ikawa ya baba, na bonasi ikaingia katika akaunti ya mwanamume. Mwanamke anayeishi kinyumba na mwana wa boma huchuma chai, huvuna kahawa, hulipa karo na huuguza wazee. Mwanamume akifariki, hatua ya kwanza ya mirathi ni barua ya chifu inayowataja walioachwa. Hapo ndipo ndugu wanapoanza kuuliza nani alimtolea mahari mwanamke huyu, na ngurario, sherehe ya kukamilisha ndoa ya Kikuyu, ilifanywa mwaka gani. Swali hilo lina uzito wa kisheria. Mwaka 2018 Mahakama ya Rufani, katika kesi ya Eva Naima Kaaka dhidi ya Tabitha Waithera Mararo, ilishikilia kwamba ngurario ni nguzo ya ndoa ya Kikuyu, na isipothibitishwa ndoa hiyo ya kimila haijathibitika. Sheria ya Urithi inawalinda watoto wa marehemu hata kama wazazi wao hawakuoana. Mama yao hana ulinzi wa namna hiyo. Lazima kwanza athibitishe kwamba alikuwa mke. Ndiyo maana ratiba za maziko, zile zenye picha ya marehemu na historia yake, hugombaniwa kabla hazijachapishwa: familia inajua kwamba jina la mjane likiandikwa pale, karatasi hiyo inaweza kufika kortini.

Pingamizi la kwanza ninalotarajia ni kwamba haya ni mawazo ya kigeni. Wazee wetu, watasema, walioana bila msajili, na ndoa zao zilidumu kuliko za leo. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake, kwa sababu ndoa ya zamani haikukosa ushahidi. Mwati na harika, kondoo na mbuzi wa mahari, walipelekwa mchana kweupe, pombe ikanywewa, koo mbili zikakaa pamoja, na kila hatua ikawa na mashahidi waliojulikana kwa majina. Ule ulikuwa usajili uliotunzwa katika kumbukumbu za watu waliokaa mahali pamoja kwa vizazi. Kilichobadilika ni kwamba shahidi wa leo ni jirani wa ploti atakayehamia Thika mwezi ujao. Zaidi ya hayo, kuachwa bila rejesta hakukuwa heshima kwa mila zetu. Serikali ya kikoloni ilikuwa na sheria ya kuandikisha ndoa tangu mwaka 1902, na ndoa za Kikristo za Waafrika ziliwekewa sheria yake. Ndoa ya kimila haikufunguliwa daftari. Matokeo yake ni kwamba mke wa kanisani alikuwa na cheti, na mke wa kimila akawa wa kuthibitisha kila alipoulizwa. Hali hiyo iliendelea zaidi ya nusu karne baada ya uhuru, mpaka usajili wa ndoa za kimila ulipoanza Agosti 2017 chini ya sheria ya 2014. Kwa hiyo anayesajili ndoa yake ya kimila leo anaidai hadhi iliyonyimwa mila yake kwa zaidi ya karne nzima.

Pingamizi la pili ni la gharama, nalo ni zito. Vijana wengi hawaishi kinyumba kwa dharau. Wanaishi hivyo kwa sababu ruracio imegeuzwa orodha ya madai ambayo mshahara wa mwalimu au wa mwendesha bodaboda hauwezi kuyatimiza, na harusi imegeuzwa maonyesho. Lakini wachache wanajua kwamba Sheria ya Ndoa, katika kifungu cha 43, inasema pale mila inapohitaji mahari, sehemu ndogo tu ya mahari iliyotolewa kama ishara inatosha kuithibitisha ndoa. Sheria hiyohiyo inawataka wenzi wamjulishe msajili ndani ya miezi mitatu baada ya kukamilisha hatua za mila yao, wakiwa na tamko la maandishi lenye sahihi za mashahidi wawili wazima waliokuwa na nafasi muhimu katika mila hiyo. Kwa maneno mengine, sheria imewaambia wazee kwamba deni la mahari linaweza kuendelea kulipwa polepole, kama ilivyokuwa zamani, bila kumweka binti yao nje ya ndoa. Mzazi anayekataa ngurario mpaka shilingi ya mwisho ilipwe anadhani anamlinda mwanawe. Kwa kweli anamwacha aishi miaka kumi katika nyumba ambayo mahakama inaweza kuikana. Wazee wa kiama, yaani baraza la wazee, wana uwezo wa kulibadilisha hili bila kungoja Bunge, na wakilifanya watakuwa wamewalinda mabinti kuliko kwa mbuzi mia.

Pingamizi la tatu hutoka kwa wale wasiotaka kuoana kabisa, au wasio na uhakika bado. Wanaogopa kwamba kuandika chochote kutawafunga: mwanamume anaogopa kugawana shamba, mwanamke anaogopa kufungwa kwa mtu ambaye huenda kesho akawa mkali. Hofu hii inastahili heshima. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 45, inaitaka ndoa iwe ya hiari ya wote wawili, na Mahakama ya Juu ilitambua kwamba wapo watu wanaoishi pamoja bila nia yoyote ya kuoana. Lakini tazama hofu hiyo inaelekea wapi. Kama hamtaki ndoa, maandishi ndiyo kinga yenu bora, kwa sababu katika ukimya kila upande utakuja kusimulia nia tofauti mbele ya jaji, na mmoja wenu labda atakuwa kaburini. Makubaliano mafupi yanayosema nani alinunua kiwanja, nani analipa mkopo wa sacco, na nani atapata nini mkiachana, hayamgeuzi mtu kuwa mume au mke. Yanamzuia kugeuzwa hivyo bila ridhaa yake. Anayekataa maandishi kwa sababu anajua yatamnufaisha mwenzake hana hofu ya ndoa. Ananufaika na giza, na jamii haina sababu ya kumtunzia giza hilo.

Pingamizi la nne hutoka makanisani. Viongozi wa dini wanaweza kuona kwamba kuwahimiza watu waandike maisha ya kinyumba ni kuyabariki. Naelewa msimamo wao, na sidai waache mafundisho yao. Makanisa ya eneo hili yamekuwa yakifungisha ndoa za pamoja kwa wenzi ambao wameishi miaka mingi bila cheti, na hiyo ni huduma kubwa inayostahili kupanuliwa. Lakini kuna tofauti kati ya kuhalalisha jambo na kulishuhudia kwamba lipo. Kliniki huandika jina la baba wa mtoto bila kuuliza kama alifunga ndoa. Tangu hukumu ya Mahakama Kuu ya mwaka 2016, mtoto wa wazazi wasiooana ana haki ya jina la baba yake katika cheti cha kuzaliwa bila kutegemea hisani ya baba huyo. Hakuna aliyesema kwamba hukumu hiyo iliharibu ndoa. Ilimwondolea mtoto adhabu ya jambo asilolifanya. Ukweli ulioandikwa ni salama zaidi kwa maadili kuliko ukweli unaofichwa, kwani unaofichwa ndio unaomruhusu mwanamume kuwa na nyumba ya pili Nanyuki huku akila kiapo Nyeri kwamba hana mwenzi.

Basi nini kifanywe? Kwa wenzi wenyewe, mengi hayahitaji wakili. Muulizeni mwenye ploti mkataba wa ukurasa mmoja wenye majina yote mawili na tarehe ya kuingia. Lipeni kodi kwa M-Pesa na mhifadhi taarifa za miamala, kwa kuwa taarifa hizo zina tarehe ambazo hakuna anayeweza kuzirudisha nyuma. Mwandikeni mwenzi katika bima ya afya ya SHA panaporuhusiwa, katika fomu ya mrithi ya sacco, katika rekodi za mwajiri na za shule ya watoto. Wekeni cheti cha kuzaliwa chenye majina ya wazazi wote, kitabu cha kliniki, na barua ya kanisa au ya chama ambamo mnajulikana. Mmoja akipata kazi mbali, kama walimu na polisi wanavyohamishwa, wekeni barua ya uhamisho na ushahidi wa safari za kurudi nyumbani, ili utengano wa kikazi usisomwe kuwa utengano wa ndoa. Hati ya kiapo mbele ya kamishna wa viapo ina nafasi yake, lakini ni maneno yenu wenyewe. Haitawasaidia ikiwa imesimama peke yake, na haiwezi kuchukua mahali pa cheti. Jazeni fomu za nchi yoyote kwa ukweli huohuo mlioishi, hata ukionekana kuwachelewesha. Na kama mmekusudia kuoana, oaneni mkiwa wote wawili mahali pamoja, kisha, ikiwa ni ndoa ya kimila, mmjulishe msajili ndani ya miezi ile mitatu. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Nyumba ni mali kubwa kuliko ng'ombe na chai.

Kwa serikali, madai yangu ni matatu. La kwanza, Bunge litunge sheria ya wanaoishi kinyumba kama Mahakama ya Juu ilivyosema mwaka 2023, itaje muda, itaje haki za kila mmoja juu ya makao na mali waliyoichuma pamoja, na iwape njia ya kujiandikisha au kujiondoa kwa hiari. La pili, msajili wa ndoa afike mashinani. Kuomba huduma kwa eCitizen ni jambo jema kwa mwenye simu na muda, lakini mama wa Kieni hapaswi kulipa nauli mara mbili ili aandikishe ndoa aliyoifunga miaka ishirini iliyopita. Chifu anayeweza kuitisha baraza la mbegu na mbolea anaweza pia kupokea fomu za ndoa za kimila siku moja kila mwezi, na maafisa wa msajili wakaja kuzikagua. La tatu, barua za machifu ziwekewe utaratibu: kila barua inayosema watu wanaishi pamoja iandikwe katika daftari la lokesheni, ikiwa na tarehe, majina ya waliotoa ushahidi, na nakala inayobaki ofisini. Hapo barua hiyo itakuwa na uzito mbele ya afisa wa ubalozi na mbele ya jaji, na anayetaka ya kununua hataipata.

Kwa nchi zinazotuuliza maswali, nazo zina wajibu wao. Anwani ya mtaa na bili ya umeme ni vielelezo vya maisha ya miji yao, na afisa anayeshughulikia ombi kutoka Kerugoya anapaswa kuipa taarifa ya M-Pesa na ushahidi wa wazee uzito uleule ambao angeipa bili ya gesi ya Toronto. Hilo ni dai la haki, na tutalidai kwa nguvu zaidi tukiwa tumefanya sehemu yetu. Sehemu hiyo haianzi ubalozini. Inaanzia kwa wazazi wanaokubali sehemu ya mahari na kuruhusu ngurario, kwa mwenye ploti anayeandika majina mawili badala ya moja, na kwa mwanamume anayeona ni fedheha mwenzake wa miaka kumi kuwa hana hata karatasi moja yenye jina lake. Kama unaishi na mtu leo katika mji wowote kati ya Nanyuki na Embu, usingoje viza wala kifo. Kaeni chini wiki hii, andikeni tarehe mliyoanza kuishi pamoja, wekeni sahihi zenu wote wawili, na mtafute mashahidi wawili wangali hai.